Nyani wa Gilgil na Kioo

Wahenga walinena kuwa nyani haoni kundule. Methali hii tumeiandika kwenye insha tangu shule ya msingi, na aghalabu twaitumia kumsuta mtu: ati wewe wamcheka mwenzio ilhali ya kwako huyaoni. Mimi naiona vingine. Methali haisemi kuwa nyani ni mbaya. Yasema tu kwamba kuna mahali kwenye mwili wake ambapo jicho lake halifiki, na anayepaona ni yule anayemfuata nyuma. Akitaka habari za huko, hana budi kumuuliza mwenzake.

Sisi wa Gilgil tuna haki ya kuzungumzia nyani kuliko watu wengi. Pale Kikopey, ambapo wasafiri wa barabara ya Nakuru husimama kula nyama choma, zamani palikuwa na ranchi ya ng'ombe iliyoitwa Kekopey. Mwaka 1972 mwanafunzi kutoka Marekani, Shirley Strum, alifika hapo akaanza kulifuata kundi la nyani siku baada ya siku. Wataalamu wengi wa wakati huo walishikilia kwamba madume ndio hutawala, tena kwa meno. Strum akaona mengine. Moyo wa kundi ulikuwa akina mama na jamaa zao, na dume mgeni, hata awe na meno kama visu, hakupata mahali mpaka afanye urafiki na jike fulani na watoto wake. Baadaye ranchi iligawanywa mashamba, nyani wakaanza kuvamia mahindi, na mwaka 1984 makundi aliyokuwa akiyachunguza yakahamishiwa Laikipia. Ukitaka kujua nyani fulani ni nani, basi, ungetazama ni nani aliyeketi karibu naye, na ni nani anayemchambua mgongo, mahali ambapo mkono wake mwenyewe haufiki.

Kuna jambo jingine la ajabu. Mwaka 1970 mtaalamu wa Marekani, Gordon Gallup, aliwapaka sokwe rangi usoni wakiwa wamelazwa kwa dawa. Walipoamka akawawekea kioo ambacho walikuwa wamekizoea kwa siku kadhaa. Wakatazama, kisha wakapeleka kidole penye rangi kwenye uso wao wenyewe. Walijua: huyu ni mimi! Kima aliowapima hawakufanya hivyo, na nyani walipopimwa baadaye na watu wengine, mambo yakawa yale yale. Methali yetu ikashinda.

Lakini si hilo lililonishangaza zaidi. Mwaka 1971 Gallup na wenzake walitoa habari za sokwe waliolelewa peke yao, mbali na sokwe wengine. Hao hawakujitambua kwenye kioo. Kioo ni kile kile, macho ni yale yale. Walichokosa ni wenzao.

Sasa tuje kwetu. Kila mwaka twaambiwa, "Jijueni, kisha mchague masomo." Twaambiwa hivyo paredini, kwenye ushauri nasaha, na hata na wageni wa siku ya kutoa zawadi. Halafu twapewa karatasi na nusu saa. Andika vipawa vyako. Andika udhaifu wako. Andika unataka kuwa nani. Kila mtu anatazama dari, anainama, anaandika "daktari". Jamani, madaktari wote hawa tutawalaza wapi?

Sisi wa 8-4-4 tulichagua tukielekea Kidato cha 3. Wadogo zetu wa mtaala mpya, ambao kundi lao la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, wanatakiwa kujijua mapema zaidi. Wangali Gredi ya 9, wengi wakiwa na miaka 14 au 15, huchagua mmojawapo wa mikondo 3: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Sipingi mikondo. Ninachopinga ni kumfungia mtoto ndani ya kichwa chake mwenyewe na kumwambia alete jibu. Huko ni kumlea kama wale sokwe wa peke yao.

Tazameni mfano ulio karibu nasi. Kariandusi, kwenye zile shoka za mawe ambazo kila darasa limepelekwa kuziona, paligunduliwa na Louis Leakey mwaka 1928. Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamishonari, na alikusudia kuwa mmishonari kama wazazi wake. Angepewa fomu yetu angeandika hivyo, bila uongo wowote. Hata hivyo tangu utotoni alikuwa akiokota vipande vya lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Akampelekea msimamizi wa makumbusho ya Nairobi, Arthur Loveridge, naye akamwambia kwamba kweli baadhi yake ni zana za watu wa kale. Kisha mwaka 1923, akiwa Cambridge, akapigwa teke kichwani katika mchezo wa raga, akashauriwa apumzike masomo. Mwaka 1924 akaenda Tanganyika na msafara wa kuchimba mifupa ya dinosau. Aliporudi masomoni njia yake ilikuwa imegeuka. Mtu huyu alijulishwa nafsi yake na mawe mfukoni, na neno la Loveridge, na teke.

Mtasema, "Je, watu wakinidanganya?" Swali zuri. Kuna macho ya aina mbili. Mwanzoni mwa mwaka 2008, hapa Nakuru na Naivasha, watu waliambiwa wao ni nani kwa kutazamwa jina la ukoo tu, na wakauawa kwa jina hilo. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, lakini mnajua habari zake nyumbani. Jicho la namna hiyo silitaki. Nataka la yule aliyekuona ukifanya kazi. Kuna kijana bwenini kwetu anayejiona mzito wa akili. Yeye ndiye hutugawia maharagwe, na mpishi mmoja aliniambia, "Huyu akishika upawa, hakuna meza inayolalamika, na sufuria haibaki na kitu." Hiyo ni hesabu, na tena ni haki. Kwenye karatasi yake ya vipawa aliandika "sina".

Naomba basi walimu wetu wa ushauri nasaha waongeze ukurasa mmoja kwenye ile karatasi, nao usijazwe na mwanafunzi. Ujazwe na watu 3 waliomwona kazini, na mmoja wao asiwe mwalimu: awe mpishi, mlinzi, mtu wa shamba, au mwenzake wa prepu. Waandike jambo walilomwona akifanya, siyo sifa. Chama cha Kiswahili tuko tayari kuanza na wanachama wetu muhula ujao. Yule mpishi nimemuuliza, amekubali, mradi tu fomu isiwe ya Kiingereza.