Kitabu Kinachofuata Kisiwe cha Mtihani

Jamani watu wa Garissa, na ninyi wenzetu wa Wajir na Mandera, mtihani wa KCSE ukiisha riwaya huenda wapi? Nyingi huuziwa wadogo zetu wa kidato cha tatu pamoja na mwongozo wake, nao mwongozo umechakaa kuliko riwaya yenyewe. (Tusidanganyane, ndio uliosomwa.) Baada ya hapo mtu hufikisha miaka arobaini asifungue hadithi nyingine.

Wala si kwamba hadithi hatuzipendi. Nani hapa hakutishwa na Dhegdheer, yule mla watu mwenye sikio refu, bibi akisimulia gizani na watoto wakizidi kumsogelea? Hakuna aliyemuuliza bibi kama Dhegdheer atatoka kwenye mtihani. Kwa hiyo mzee anayesema riwaya ni uongo wa kupoteza wakati ajibiwe kwa heshima, kisha aazimwe moja.

Na kuazima vitabu si jambo geni kwetu. Mwaka 1996 Maktaba ya Kitaifa, KNLS, ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka hapa Garissa, kwa wafugaji wasiofikiwa na gari. Ngamia mmoja hubeba masanduku mawili ya vitabu, moja kila ubavu, na uzito sharti ulingane. Mwingine hubeba hema. Mkutubi hutandika mikeka, watoto wakachagua. Lakini yeye amekwisha kuchagua kabla yao, maana sanduku lina mwisho wake: kamusi moja nene ikiingia, riwaya kadhaa zinabaki. Mimi ningeiacha kamusi.

Mwaka huohuo wa 1996 ilitoka Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya ya kijana wa Tanga anayevuka mpaka kumtafuta babake hadi Kitale. Sisi wa mpakani safari kama hiyo hatuhitaji kufafanuliwa. Ukitaka ya karibu zaidi, chukua Maps ya Nuruddin Farah, ya 1986: Askar, yatima wa Kisomali, analelewa na Misra, mwanamke wa Kioromo, na vita vya Ogaden vinapowaka majirani wanaanza kumtilia shaka mama huyo. Kiingereza chake kina ugumu, vumilia. Ikikuchosha moyo, usifuatishe nyingine ya huzuni. Hata mimi baada ya Maps huhitaji kitu chepesi, na Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, hajawahi kuniangusha.

Ombi langu, walaal, ni dogo. Wiki hii ingia maktaba, toa riwaya moja rafuni na usome ukurasa wa kwanza ukiwa umesimama. Usipovutwa, irudishe utoe nyingine. Hapa hakuna maksi. Mwalimu, tenga kipindi kimoja cha kusoma bila maswali mwishoni. Wewe mwenye hoteli ya chai pale Soko Mugdi, gazeti unaliweka mezani kila siku, sasa riwaya ina kosa gani? Na anayerudi kutoka Nairobi, kabla basi halijaondoka Eastleigh, atie begini hadithi moja ya Kiswahili au ya Kisomali, aipeleke kwa mkutubi wetu.

Ukishamaliza kitabu chako, usikifungie kabatini. Mpe jirani, umtajie tu ukurasa uliokunyima usingizi. Mengine asome mwenyewe.