FUNDI WA KIJIJI: Mashine ya kukata taka



Leo umemenya ndizi za kupika. Maganda yake umeyatupa wapi?

Kama umeyatupa kibanjani kwako, umefanya vema. Kama umeyatupa barabarani, umetupa chakula. Si chakula chako, ni chakula cha mgomba. Maganda ya ndizi yana potashi nyingi, na mgomba unapenda sana potashi.

Mwezi huu tuzungumze juu ya mashine za kukata na kusaga taka. Vijana wengi siku hizi wanapenda kuzibuni. Ni kazi nzuri. Lakini kuna mambo matatu ya kujua kabla hujanunua chuma wala kumwita fundi.

KIBANJA KINA NJAA

Wazee wetu wa Bukoba na Muleba walijua kulisha kibanja. Walileta majani kutoka rweya wakayatandaza chini ya migomba. Walileta samadi ya ng'ombe. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi sana. Samadi ikapungua. Baadaye watu wakaongezeka na rweya ikapungua pia.

Sasa fikiri jambo hili. Mkungu wa ndizi unatoka Kamachumu unakwenda sokoni Bukoba mjini. Mtu wa mjini anakula ndizi, na maganda yanakwenda jalalani. Potashi ya kibanja chako imesafiri, wala haikurudi. Kesho unauza mkungu mwingine. Kila siku kibanja kinatoa, hakipokei. Halafu tunauliza kwa nini mikungu imekuwa midogo.

Taka za jikoni, za sokoni na za mahali pa kukamulia rubisi zinaweza kurudisha chakula hicho. Lakini taka nzima nzima huoza polepole. Hapo ndipo mashine inapoingia.

KWA NINI TUKATE TAKA?

Taka huozeshwa na vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hula kuanzia nje kwenda ndani. Ni kama kupika nyama. Pande kubwa huchelewa kuiva, vipande vidogo huiva upesi. Ukikata taka, vijidudu hupata mahali pengi pa kuanzia kula.

Iko faida nyingine. Mgomba uliokwisha kuvunwa ukilala mzima kibanjani, fukusi hutaga mayai humo. Ukiukatakata vipande vidogo vikakauka, fukusi anakosa nyumba.

Lakini usisage taka zikawa kama uga. Taka laini mno hushikamana, hewa haipiti, na fungu linanuka. Vipande vya urefu wa kidole vinatosha.

AINA TATU ZA MASHINE

Ya kwanza ni mashine ya visu. Ina gurudumu zito lenye visu viwili au vitatu. Gurudumu likizunguka, visu hukata kama panga linalokwenda mbio. Ni sawa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Hii inafaa kwa majani, maganda mabichi na migomba.

Ya pili ni mashine ya nyundo. Unaifahamu, kwa sababu ni ndugu wa mashine ya kusaga mahindi. Ndani yake kuna vyuma vinavyoning'inia. Vikizunguka kwa kasi hupiga na kuponda. Chini kuna chujio. Hii inafaa kwa vitu vikavu, kama magunzi ya mahindi na vijiti. Ukiipa maganda mabichi, chujio litaziba.

Ya tatu ni mashine ya meno. Ina mihimili miwili inayozunguka taratibu kwa nguvu nyingi. Meno yake hushika kitu na kukichana. Hutumika viwandani kuchana plastiki. Ni ya gharama kubwa.

Mafundi, sikilizeni hapa. Mgomba una taabu yake. Sehemu kubwa ya mgomba ni maji, na iliyobaki ni nyuzi ngumu. Nyuzi hizo hujizungusha kwenye mhimili kama kamba, mpaka mashine inasimama. Hivyo, upasue mgomba kwa urefu kwanza. Uache unyauke siku chache. Kisha ukate vipande vifupi ndipo uulishe mashine. Visu viwe vikali, na mashine isiwe na chujio. Fundi atakayetengeneza mashine isiyosongwa na nyuzi za mgomba atatusaidia sana sisi watu wa Kagera.

WENZETU WAMEFANYA NINI?

Huko Marekani, mwaka 1927, mchoraji wa ramani za nyumba aitwaye John Hammes alibuni mashine ndogo ya kusaga mabaki ya chakula. Alikuwa akiishi katika mji wa Racine. Mashine hiyo hufungwa chini ya beseni la kuoshea vyombo. Husaga mabaki, na maji huyapeleka kwenye mabomba ya maji machafu.

Je, mashine hiyo itatufaa Muleba? Hapana. Inataka umeme, maji ya bomba na mtaro wa maji machafu. Tena mbolea yote inapotea na maji. Yeye alisaga ili kutupa. Sisi tunakata ili kulisha kibanja. Kazi ni mbili tofauti, basi na mashine ziwe tofauti.

Karibu na kwetu, mjini Nairobi, mhandisi Nzambi Matee alibuni mashine zake za kutengeneza matofali ya kutandika chini. Matofali hayo hutokana na taka za plastiki na mchanga. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimpa tuzo. Hakungoja mashine ije kwa meli. Alitazama taka za mji wake, akauliza zinaweza kufanya nini.

Na sisi tusijidharau. Huko Katuruka, karibu na Maruku, wazee wetu waliyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari hizo, na dunia ikastaajabu. Mhaya na chuma wamejuana zamani sana.

JAMBO LA KWANZA: CHAGUA TAKA

Mashine haina macho. Inakata kila kitu unachoipa. Kwa hiyo chagua kabla ya kukata. Fanya mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyooza: maganda, majani, mabaki ya mboga. Haya yaende kwenye mashine.

Fungu la pili ni plastiki, chupa na makopo. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni, 2019. Lakini chupa za plastiki bado zipo. Ukizisaga pamoja na maganda, vipande vyake vitabaki kibanjani miaka mingi. Hutaweza kuviokota tena. Weka fungu hili mbali, uwape wanunuzi wa vyuma na plastiki.

Fungu la tatu ni vitu vya hatari: betri za redio na tochi, sindano, vioo na chupa za dawa za kuulia wadudu. Haya yasiguse mashine wala mbolea. Betri ina sumu. Ukiisaga, unaisambaza sumu hiyo mpaka kwenye mchicha wa watoto.

JAMBO LA PILI: MNYAUKO

Hapa, ndugu msomaji, soma polepole. Msomee na jirani yako.

Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001. Mwaka 2006 ulionekana Muleba, na hapo ndipo ulipoonekana kwanza katika Tanzania. Tuliona vibanja vikikauka. Nyumba zilizokula ndizi kila siku zikanunua unga.

Mnyauko huenezwa na wadudu wanaotua kwenye maua, na miche yenye ugonjwa. Huenezwa pia na panga. Panga likikata mgomba mgonjwa, halafu likakate mgomba mzima, ugonjwa umehama.

Sasa fikiri juu ya mashine ya kijiji. Leo iko kwako, kesho iko kwa jirani, keshokutwa iko kijiji cha pili. Visu vyake ni mapanga matatu yanayotembea kijiji kizima. Mashine moja chafu inaweza kufanya kazi ya mapanga mia moja.

Basi shika sheria hizi. Mgomba wenye dalili za mnyauko usipitishwe kwenye mashine hata kidogo. Dalili ni majani kuwa ya manjano na kunyauka, ndizi kuiva kabla ya wakati, na usaha wa njano ukikata shina. Ukiona dalili hizo mwite afisa ugani. Mashine ioshwe kila inapotoka kibanja kimoja kwenda kingine. Toa udongo na mabaki yote, kisha futa visu kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo, au vipitishe motoni.

Njia iliyo bora zaidi ni mashine isitembee. Ikae mahali pamoja, na kila mtu alete taka zake safi.

JAMBO LA TATU: MKONO WAKO

Visu havijui kutofautisha mgomba na mkono. Mdomo wa kulishia mashine uwe mrefu kuliko mkono wa mtu mzima. Tumia kijiti kusukuma taka, usitumie kiganja. Mashine ikisongwa, zima injini, ondoa mkanda, ndipo uisafishe. Usivae kanga inayoning'inia wala shati la mikono mipana. Watoto wakae mbali. Mkanda na puli vifunikwe kwa bamba. Fundi akikuambia bamba ni gharama bure, tafuta fundi mwingine.

JE, MASHINE ITALIPA?

Piga hesabu kwanza. Tuseme nyumba yako inatoa ndoo moja ya maganda kwa siku. Ndoo hiyo utaimaliza kwa panga na gogo kwa muda mfupi. Huna haja ya injini. Panga na gogo ndiyo mashine yako ya kwanza, nayo hainywi dizeli.

Mashine inafaa mahali penye taka nyingi pamoja: sokoni, shuleni, mahali pa kukamulia rubisi, au kwenye kikundi cha wakulima. Kikundi kiandike katika daftari bei ya mashine, mafuta, vipuri na malipo ya mwendeshaji. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ushauri wa utengenezaji, nendeni SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Vijana wenye kutaka kujifunza kuchomelea waende VETA.

BAADA YA KUKATA

Panga taka kwa tabaka. Weka majani makavu, halafu maganda mabichi, halafu samadi na udongo kidogo. Rudia hivyo. Fungu liwe na upana wa mita moja na nusu, na kimo kama hicho. Nyunyiza maji. Chukua konzi moja ukamue. Likitoka tone moja au mawili, maji yanatosha. Funika kwa majani ya migomba.

Choma kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, vijidudu vinafanya kazi. Geuza fungu kila baada ya wiki tatu. Kwa muda wa miezi mitatu hivi utapata mboji nyeusi yenye harufu ya udongo wa mvua. Irudishe kibanjani.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Lakini mchagua taka ni mkulima hasa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, taka nyingi hukusanyika wapi? Nani anazitumia?
2. Kwa nini mashine ya kukata taka inaweza kueneza mnyauko?
3. Je, kikundi chenu kinahitaji mashine, au panga na gogo vinatosha? Pigeni hesabu.