Vishikwambi vya Goma vianze na umeme

Rubaya, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, haiko mbali na mji wa Goma. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, machimbo yake hutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, madini yanayoingia ndani ya simu na vishikwambi. Hata hivyo, watoto wengi wa Goma wananakili masomo ubaoni kwa chaki. Hilo haliwezi kuvumilika.

Kugawa vifaa pekee hakutoshi. Kenya iliahidi kompyuta za mkononi mwaka 2013, ikaanza kugawa vishikwambi mwaka 2016, na vilipita milioni 1. Shule nyingi ziliishia kuvifungia kabatini: walimu hawakuandaliwa vya kutosha, na wakuu wa shule waliogopa wezi.

Goma ina shida zaidi. Mega za intaneti ni ghali kwa mzazi anayetafuta unga wa jioni, na baada ya mji kutekwa na waasi wa M23 Januari 2025, hata benki zilifungwa, hivyo pesa ikawa ngumu kupata.

Basi vifaa vije na masomo yaliyokwisha kupakiwa. Programu ya Kiwix huwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Paneli moja ya jua juu ya paa la darasa huchaji vishikwambi, na mwalimu afundishwe kwanza, mwezi mzima, kabla mwanafunzi hajakabidhiwa chake.