Cheo Kikiondoka, Ruhusa Nayo Iondoke

Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU)

Nakala: Baraza la elimu ya ufundi na ufundi stadi (NACTVET), Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Ndugu Katibu Mtendaji,

YAH: USIMAMIZI WA RUHUSA KATIKA MIFUMO YA TEHAMA YA VYUO

Nakusalimu kutoka Tosamaganga, Iringa. Hapa kijijini tuna hospitali ya misheni, chuo cha afya na sekondari. Ukishuka mjini unakuta Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Siandiki kushitaki chuo chochote kati ya hivi. Naandika kwa sababu siku hizi usajili wa mwanafunzi, ada yake, kozi weki yake na transkripti yake vyote vimo ndani ya mfumo, na swali la nani anaruhusiwa kufanya nini humo mara nyingi huachiwa afisa TEHAMA peke yake.

Mfumo wowote wa chuo hupanga watumiaji wake kwa vikundi. Mwanafunzi huona matokeo yake tu. Mhadhiri huingiza alama za somo analofundisha, mkuu wa idara huzihakiki, ofisi ya mitihani huzifunga zikisharidhiwa. Mhasibu huona malipo, alama hazimhusu. Ruhusa hupewa kikundi, na mtu huingia kikundini kwa cheo alichonacho. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu ambazo kazi yake inazihitaji, na mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn, wa taasisi ya viwango ya Marekani, wakaeleza namna ya kuzifunga ruhusa hizo kwenye majukumu. Sisi tuliolelewa na msemo kwamba cheo ni dhamana hatuhitaji kufafanuliwa sana.

Tatizo haliko siku ya uzinduzi. Siku hiyo vikundi hupangwa vizuri na kila mtu hupewa kinachomstahili. Tatizo huja miaka miwili mitatu baadaye. Mkuu wa idara anakwenda kusoma shahada ya uzamivu, mwingine anakaimu na kupewa ruhusa zilezile, lakini za yule wa kwanza hakuna anayezifuta. Mhasibu anahamishiwa manunuzi, bado anafungua kurasa za ada. Mhadhiri msaidizi anajiunga na shahada ya uzamili hapohapo chuoni. Sasa yumo katika kikundi cha wanaoingiza alama na pia katika kikundi cha wanaosahihishwa. Msimu wa mitihani ukifika, mhadhiri mwenye darasa la mamia anamtajia msaidizi wake nywila ili alama ziingie kabla ya muda kufungwa. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Kila mmoja alipewa ruhusa kwa nia njema, ila hakuna aliyepewa kazi ya kuzirudisha.

Matokeo yake tuliyaona kwa majirani. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Makerere kiligundua kuwa alama za baadhi ya wanafunzi zilikuwa zimebadilishwa ndani ya mfumo wake. Wanafunzi wakaondolewa kwenye orodha ya mahafali na watumishi wakasimamishwa kazi. Chuo kilichoanzishwa mwaka 1922 kikajikuta kinalazimika kuutetea uhalali wa vyeti vyake. Likitokea jambo la namna hiyo, anayeumia zaidi ni yule aliyefaulu kwa jasho lake, maana cheti chake nacho kinatiliwa shaka.

Wengi husema dawa ni kununua mfumo mpya. Sikubaliani nao. Mtazame afisa TEHAMA wa chuo kidogo cha mkoani. Asubuhi anatengeneza printa, mchana anavuta waya wa intaneti, jioni anapandisha matokeo. Akaunti yenye mamlaka yote iko mikononi mwake. Kisha simu inaita, ni mkubwa wake: "Mwanangu, nifungulie hiyo sehemu mara moja, barua nitakuletea kesho." Kijana wa mkataba atamjibu nini? Mfumo unajua kukataa, yeye hana ubavu wa kukataa. Ndiyo maana barua hii nimeileta kwako, sikuipeleka kwa waundaji wa programu.

Hapa Tosamaganga jambo hili lina uzito wa pekee. Mwanafunzi wa chuo cha afya ni mwanafunzi darasani na ni mwanagenzi wodini. Popote chuo na hospitali vinapokaa jirani namna hii, lazima ijulikane mwanafunzi aliye kwenye mazoezi anaruhusiwa kuona faili la mgonjwa yupi, chini ya msimamizi gani, na ruhusa hiyo inakoma lini zamu yake ya wodi ikiisha. Alama iliyochezewa inaweza kurekebishwa. Siri ya mgonjwa ikishatoka, haina wa kuirudisha.

Sheria tunazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa azilinde, na inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia kwenye mfumo bila ruhusa. Lakini mahakamani utathibitishaje kwamba mtu hakuwa na ruhusa, ikiwa akaunti yake haikufungwa, au ikiwa watu watatu wanatumia akaunti moja?

Kwa hiyo naomba mambo manne yawe sehemu ya ukaguzi wa ithibati.

Kwanza, ruhusa ziandikwe kwa vyeo, na orodha ya nani yumo katika kikundi gani ipitiwe kila muhula na msajili, si TEHAMA peke yake.

Pili, fomu ya kukabidhi ofisi iwe na mstari wa akaunti. Mtumishi asihesabiwe amekabidhi hadi ruhusa zake za zamani zimefungwa, hata kama anahamia chumba cha pili tu.

Tatu, alama zilizokwisha kufungwa zisibadilishwe na mtu mmoja. Mmoja aombe, mwingine aidhinishe, na kumbukumbu ibaki. Kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia kosa halifutwi. Masahihisho huandikwa pembeni na la zamani likabaki linasomeka. Mfumo nao uonyeshe alama ya awali, aliyeibadilisha, siku na sababu, na mwanafunzi mwenyewe aruhusiwe kuona historia ya alama zake.

Nne, akaunti ya pamoja ipigwe marufuku, na mwenye mamlaka yote juu ya mfumo awe na mtu mwingine anayekagua aliyoyafanya.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji zabuni. Linalohitajika ni waraka mmoja wenye saini yako, ambao afisa TEHAMA ataubandika ukutani mwa ofisi yake, ili siku mkubwa akipiga simu awe na cha kumsomea.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, Tosamaganga, Iringa