Kipimo cha mafuta si kipimo cha macho

Majuzi alinijia mhasibu mmoja wa miaka 53, karatasi ya maabara mkononi, uso umejaa furaha kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kolesteroli yake ilikuwa imeshuka hadi kiwango cha kawaida baada ya miezi minane ya kuepuka nyama choma na chipsi. Nilimpongeza. Kisha nikamuuliza kuhusu matone ya glakoma aliyoanzishiwa na daktari wa macho mwaka uliopita.

"Niliyaacha, daktari. Nilisoma kwamba glakoma huletwa na mafuta. Na mafuta si yamekwisha?"

Nilimfunika jicho la kulia. Kwa lile la kushoto, hakuuona mkono wangu ukija kutoka upande wa pua.

Simlaumu sana, maana habari aliyoisoma ina chanzo. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliofuatilia watu zaidi ya 136,000 wenye umri wa miaka 40 na zaidi waligundua kwamba kila kolesteroli ya jumla ilipozidi kwa miligramu 20 katika desilita moja ya damu, uwezekano wa kupata glakoma ulizidi kwa asilimia 7. Waliotumia dawa za statini kwa miaka 5 au zaidi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi. Lakini mambo mawili kuandamana si hoja kwamba moja limezaa jingine. Mwaka 2022, utafiti uliotumia takwimu za UK Biobank, Uingereza, ulikuta kolesteroli ya juu ikiandamana na ongezeko dogo la presha ya jicho, ila si na glakoma yenyewe.

Kwa hivyo simwandikii mtu statini kwa ajili ya macho. Dawa hizo hulinda moyo na ubongo, na hiyo ni sababu tosha kwa anayezihitaji.

Katika glakoma, aghalabu maji yaliyo ndani ya jicho hushindwa kutoka vizuri, presha hupanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo huharibika polepole, mara nyingi bila maumivu. Mtoto wa jicho hupasuliwa na mtu akaona tena. Kilichochukuliwa na glakoma hakirudi. Tena, presha ya jicho si presha ya damu, ingawa jina limewapoteza wengi. Wako hata wenye presha ya kawaida ambao neva zao zinakufa, ndiyo maana ni lazima daktari aitazame neva yenyewe, asitosheke na namba.

Walio hatarini zaidi ni waliotimiza miaka 40, sisi wenye asili ya Kiafrika, na hasa aliye na mzazi au ndugu mwenye ugonjwa huu. Ongeza wanaojinunulia matone yenye steroidi dukani kila macho yanapowasha. Hayo yakitumiwa kwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho.

Mhasibu wetu amerudia matone yake, jioni baada ya jioni. Nilipomuuliza kama ana ndugu, alisema wako wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupimwa macho. Wawili wameahidi kwenda kliniki ya macho Jumamosi.