Taa ya Breki Iliyokataa Kuwaka: Maoni Juu ya Ufundishaji wa Sakiti

Katika vyuo vyetu vya ualimu somo la umeme huanza ubaoni, na mara nyingi huishia ubaoni. Mkufunzi huchora betri, swichi na balbu mbili, wanachuo hunakili, kisha hufuata jaribio ambalo vifaa vyake vimekwisha kupangwa ili lisitokee kosa lolote. Mwishoni mwa muhula mwanachuo hueleza bila kusita tofauti kati ya balbu zilizofungwa kwa mfuatano na zilizofungwa sambamba. Nami nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa na nikaridhika, mpaka siku nilipoaibika mbele ya wanachuo wangu huko Mbebe, mkoani Songwe.

Nilikuwa nimekwenda kukagua mafunzo kwa vitendo. Dereva wa pikapu iliyotuchukua alieleza kwamba kila apakiapo magunia ya mahindi, taa za nyuma hufunikwa, na wenye magari yanayomfuata hawajui afungapo breki. Malalamiko yake yalikuwa ya haki. Barabara za milimani zina kona na ukungu, na katika barabara kuu ya kwenda Tunduma malori makubwa hufuatana kuelekea mpaka wa Zambia. Aliomba afungiwe taa ya tatu ya breki, juu, kwenye fremu ya chuma iliyo nyuma ya kichwa cha gari. Wala fikira yake haikuwa ngeni: Marekani iliilazimisha taa ya namna hiyo kwa magari mapya ya abiria tangu yale ya mwaka 1986, baada ya majaribio yaliyohusisha magari ya teksi.

Niliona hiyo ni nafasi njema ya kuwafundisha wanachuo wanne waliokuwapo. Nilivuta waya kutoka kwenye waya wa taa ya breki ya kushoto, nikaunganisha taa mpya sambamba na zile za zamani, kisha nikaikaza kwenye fremu kwa skrubu. Dereva akakanyaga breki. Taa mbili za zamani ziliwaka. Ya tatu haikuwaka. Nikabadili balbu. Nikabadili tena. Nikakata waya na kuuunga upya. Nikaanza hata kuilaumu swichi ya breki, ingawa zile taa mbili zilizowaka zilikuwa shahidi wa kutosha kwamba swichi ni nzima.

Kijana mmoja, fundi wa umeme wa magari, aliyekuwa akitutazama kwa mbali, akasogea. "Shikamoo mwalimu. Naomba nijaribu." Akatoa mfukoni taa yake ya majaribio, ambayo ilikuwa balbu kuukuu ya breki iliyofungwa nyaya mbili. Ncha ya waya mmoja aliibana kwenye boliti safi ya chasisi, ya pili akaigusisha kwenye gamba la taa yangu, kisha akamwomba dereva akanyage breki. Balbu zote mbili, yangu na yake, zikawaka kwa mwanga hafifu. "Mwalimu, bodi haijashika," akasema kwa adabu. Akafungua skrubu, akakwangua rangi ya fremu mpaka chuma kikang'aa, akakaza tena. Taa ikawaka barabara.

Kosa langu lilikuwa nini? Vitabu huchora nyaya mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Katika gari waya wa kwenda huonekana, lakini njia ya kurudi ni bodi lenyewe la gari, lililounganishwa na upande hasi wa betri. Rangi haipitishi umeme. Kwa hiyo sakiti yangu ilikuwa wazi pale pale chini ya skrubu. Taa ya yule kijana ilipogusa gamba ilikamilisha njia, na balbu mbili za aina moja zikawa katika mfuatano, kila moja ikipata kiasi cha volti 6 badala ya 12. Sakiti hiyo nimeichora ubaoni kila mwaka. Ilipowaka mbele ya macho yangu, sikuitambua.

Ni maoni yangu, basi, kwamba tunafundisha sakiti zilizo nzima tu, ilhali maarifa ya umeme hupimwa na sakiti iliyo mbovu. Napendekeza kila kundi la wanachuo lipewe ubao wenye kipande cha bati kilichopakwa rangi badala ya waya wa kurudi, betri nne za tochi zenye jumla ya volti 6, swichi na balbu tatu zinazofaa volti hizo. Mkufunzi afiche hitilafu moja: kutu, rangi, au waya uliokatika ndani ya ganda lake. Kabla ya kugusa chochote, mwanachuo aandike anadhani hitilafu iko wapi na kwa sababu gani. Kisha apime, na aeleze kipimo kimemthibitishia au kimemkanusha. Alama zitolewe kwa hoja, si kwa kuwaka kwa taa peke yake.

Hesabu nazo zitokane na mazingira. Balbu mbili za breki za wati 21 kila moja, kwa volti 12, huchukua ampea 3.5, ukiongeza ya tatu zinakuwa 5.25. Je, fyuzi na waya vitahimili? Na dereva wa lori la volti 24 aliyeko Tunduma akifunga balbu ya volti 12, itakuwaje? Mwanachuo atakayejibu maswali hayo ameielewa kanuni, hakuikariri.

Wapo watakaosema kwamba chuo cha ualimu si gereji. Ni kweli, wala hatukusudii kufuga mafundi. Wengine watataja hatari, nao wana haki: betri ya gari ikiguswa pande zote mbili kwa chuma huweza kuunguza, na ndiyo maana nimependekeza betri za tochi. Lakini tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 tumekuwa tukisema kwamba shule isitengwe na kazi za watu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, nayo imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Mwalimu asiyeweza kuitafuta hitilafu ya taa moja ataufundishaje mkondo huo?

Tangu siku ile, muhula ninaofundisha umeme humwalika fundi wa magari darasani kwa vipindi viwili. Yeye huleta taa yake ya majaribio, nami huleta kanuni. Wanachuo huuliza maswali yao kwetu sote wawili, na mara nyingine ni mimi ninayeandika majibu.