"Kujionyesha": Neno Hili Ni la Nani?

Wandugu, kuna neno moja katika lugha yetu linalotumiwa vibaya, nalo ni kujionyesha. Mutu akifanya jambo si kwa faida ya kazi bali kwa macho ya watu, tunasema anajionyesha. Hakuna anayependa kuitwa hivi. Kwa hiyo neno hili ni fimbo, na wakati wa ukoloni fimbo hiyo ilikuwa mkononi mwa wakubwa.

Mutu mweusi akinunua kinga, anajionyesha. Akivaa kravati siku ya Mungu, anajionyesha. Akijibu kwa Kifaransa mbele ya mukubwa wake, kumbe, anajionyesha sana! Lakini Muzungu mwenye motokari na boyi wawili hakuambiwa neno. Kwake yeye iliitwa ustaarabu.

Tena tuulize, ni nani aliyetufundisha kujionyesha? Mwaka 1948 serikali ya Ubelgiji iliweka karte ya mérite civique, na mwaka 1952 ikaongeza ile ya immatriculation. Aliyeitaka alipaswa kujua kusoma na kuandika, asiwe na wake wawili, asiwe na kesi. Hayo basi. Lakini wakaguzi waliingia mpaka ndani ya nyumba. Walitazama kama sahani zinafanana, watoto wanalala juu ya nini, bibi anashika uma namna gani, choo ni safi ao hapana. (Bibi wa Muzungu gani alikaguliwa choo chake ili bwana wake ahesabiwe mutu?) Baba wa nyumba akasimama pale kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Patrice Lumumba mwenyewe alikataliwa kwanza, kiisha akaipata immatriculation mwaka 1954. Mpaka mwaka 1958 karte za mérite civique hazikufikia 2,000, katika inchi ya watu zaidi ya milioni 12. Walitulazimisha kujionyesha, kiisha wakatucheka kwamba tunajionyesha.

Mwaka ule wa 1958, huko Bruxelles, likawa baya zaidi: si kujionyesha tena, ni kuonyeshwa. Katika maonyesho makubwa ya dunia walijenga kijiji cha Wakongo, wakakizungusha ua, wakaweka ndani mafundi wetu na kazi zao za mikono. Watazamaji wakawatupia ndizi kama nyani. Mafundi wale walikataa, wakarudi kwao kabla maonyesho hayajafungwa. Walisema zaidi kuliko hotuba kumi.

Sasa wafanya kazi wa mashimo ya shaba, wacheni kumutupia ndugu yenu neno hili kwa ajili ya kravati. Aliinunua kwa feza zake. Neno lipelekwe mahali pake. Desemba 1957 palikuwa uchaguzi katika Élisabethville, Jadotville na Léopoldville. Wanaume walipiga kura, wanawake hapana, na weusi wakapata bourgmestre zao. Vizuri. Lakini juu yao aliketi bourgmestre wa kwanza, Mubelgiji, ambaye hakuna raia aliyemuchagua. Dunia ilionyeshwa kwamba Wakongo wanatawala, na ufunguo ulibaki katika mufuko ule ule. Hiyo ndiyo kujionyesha, tena kwa serikali nzima.

Hata katika mikutano ya chama chetu wako wanaokimbilia kiti cha mbele na kununa kama hawakupigwa picha, lakini siku ya muchango hatuwaoni. Hao nao waitwe kwa jina hilo, na wasikasirike.